Sala ya Mlinzi wa Barafu

Salale, Rufiji
Mwezi wa masika

Mdogo wangu mpenzi Skolastika,

Nakusalimu kwa jina la Yule ambaye katekista wenu anadhani anamjua yeye peke yake. Natumaini mifupa bado inakubeba, kuku wanataga, na yule mbuzi wako mwenye kiburi hajala kanga nyingine. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unalalamika kila mvua ikikaribia, na huku mvua inakaribia kila siku, kwa hiyo tumezoeana.

Kwanza pokea habari kubwa. Kaka yako amekuwa mtu wa sala. Usifanye mchezo! Watu wakipita mbele yangu wanashusha sauti. Akina mama wanawaziba watoto wao midomo. Wazee wa msikitini wananiamkia kwa heshima ambayo hata baba mkwe wangu hakuwahi kunipa. Nikiinamisha kichwa tu, kijiji kizima kinajua kwamba mzee Bonifasi amezama kwa Mola wake na haguswi. Mwambie hayo katekista, na umwambie taratibu, asije akapatwa na kizunguzungu.

Haya, cheka. Najua umeshaanza. Mimi ambaye mama alikuwa akinifinya paja kanisani mpaka padre anasikia! Ni uongo, Skola. Hayo ya kushusha sauti yalikuwa kweli kabisa, ila sala yenyewe ilikuwa usingizi. Nitakueleza yote, kwa sababu usingizi huo ndio ulionifanya nishike kalamu leo.

Barua yako ilinifikia. Dereva wa lori la korosho aliiacha Kibiti kwa muuza chai, muuza chai akampa nahodha wa boti, nahodha akaikalia, maana ilifika imekunjamana kama suruali yake. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Unasema tangu alipozikwa shemeji yangu Valentini huwezi tena kusali. Unafungua mdomo, hakitoki kitu. Rozari umeitundika msumarini. Jumuiya umeacha kwenda. Katekista alikuja kukwambia kwamba imani yako imepungua, ukamwambia abebe ile yake iliyozidi aende nayo kwake. Hapo nilikupigia makofi, peke yangu, kibandani. Lakini chini umeandika, "Kaka, naogopa. Naona kama aliyekufa ni mimi." Hapo makofi yaliniisha.

Mimi sikuwepo mazishini, na unajua sababu. Mto ulikuwa umefurika, pantoni imesimama, na habari yenyewe ilinikuta mmeshaondoa matanga. Sikukaa na wewe mkekani hata siku moja. Basi leo nakaa na wewe kwa karatasi hii, unisamehe mwandiko. Darasa la nne langu unalijua, mistari inapanda mlima yenyewe.

Kazi yangu nilikueleza mara ya kwanza, lakini nadhani hukuamini. Tangu biashara iwe ruksa, matajiri wa Dar wanaingia mpaka huku kwenye mikoko kununua kambamiti. Tajiri wangu amejenga stoo ya mbao ukingoni mwa maji, ndani kuna sanduku kubwa kama kitanda cha chifu, limejaa mabonge ya barafu yaliyofunikwa kwa pumba za mpunga. Mimi ndiye mlinzi wa barafu. Ufunguo wa stoo nimeufunga kiunoni. Kazi yangu ni kuufungua mlango mara chache kadiri inavyowezekana, kwa sababu barafu haipendi kuchunguliwa. Nimenunua koti la mtumba, zito, la watu wa nchi za theluji, lina vifungo vikubwa kama vikombe vya kahawa. Jua la Rufiji juu yangu, koti mwilini. Watoto wananiita Babu Baridi.

Mkristo hapa ni mimi tu. Kanisa liko mbali, kule barabarani, na kulifikia unahitaji boti, nauli na magoti mazuri. Sina vyote vitatu. Kwa hiyo tangu nije sikusali. Sikukasirika na Mungu, la. Nilimwacha huko nyumbani kwako nikajua yuko kwenye mikono salama.

Jirani yangu ni mzee Athumani, fundi wa mitumbwi, Mndengereko, mtu mwenye subira ya kuchonga gogo moja mwezi mzima. Yeye swala tano hazimpiti. Siku moja ametoka kutawadha, maji yanamchuruzika kwenye ndevu, akasimama mbele yangu.

"Mzee Boni, nikuulize kitu, usikasirike?"

"Uliza. Nikikasirika nitakwambia."

"Nakuona unakula, unalala, unawatukana mbu. Hivi nyinyi kwenu hamswali?"

Ningeweza kusema kweli. Lakini unanijua, Skola. Ulimi wangu hutoka kabla sijavaa viatu.

"Tunasali sana," nikamwambia. "Ila sisi tunasali kimoyomoyo. Hakuna mkeka, hakuna adhana. Ukiniona nimekaa hapa kwenye benchi, kichwa chini, macho nimefumba, kimya, basi ujue hapo ndipo penyewe."

"Ala!" akasema. "Na mimi siku zote nikidhani umesinzia!"

"Watu wengi hudhani hivyo," nikamjibu, nikaweka na huzuni kidogo usoni.

Mzee Athumani akaondoka anatikisa kichwa, akawaambia watu wote. Sasa hawa wenzetu wana adabu moja kubwa. Mtu akiwa kwenye swala, hupiti mbele yake, humsemeshi, humgusi. Unangoja amalize. Hata kama ana deni lako. Heshima hiyo wakanipa na mimi, nzimanzima, bila kunipunguzia. Nikiinama tu benchini, wanaobeba ndoo wanazunguka nyuma ya stoo, kwenye matope, wasikatishe mbele yangu. Nikasinzia nilivyotaka. Nililala usingizi wa kiaskofu.

Mpaka siku ya Bi Somoe.

Bi Somoe ni mama anayetoka kijiji cha Mbuchi, mvuvi wa kambamiti. Yeye na wenzake hushika kitambaa huku na huku wakakikokota kwenye maji ya kifuani, kwenye vijito vilivyojaa mizizi mikali ya mikoko, kisha hupiga kasia mpaka kwetu. Siku hiyo alikuja peke yake, mapema, ndoo imejaa kambamiti wakubwa, wengine bado wanarukaruka. Alikuwa na haraka yake. Binti yake alikuwa mwali, amewekwa ndani, na siku ya kutolewa imekaribia. Mwali hatoki na kanga kuukuu. Bi Somoe alikuwa amenuia kanga za binti ziwe mpya kabisa, doti ambayo ameshaiona dukani, na tumaini lote lilikuwa ndani ya ile ndoo.

Karani anayepima mzani alikuwa amekwenda Nyamisati kungojea barafu. Nimebaki mimi na ufunguo wangu. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kali la kulipiza. Nilikuwa nimekula wali wa nazi kwa mzee Athumani, sahani mbili, na koti langu linajua kubembeleza. Bi Somoe alinikuta nimeinama.

Akataka kuniita. Mzee Athumani, aliyekuwa anachonga pale karibu, akamwinulia mkono. "Taratibu, mama. Yuko kwenye swala."

Mama wa watu akakaa chini. Akangoja. Akafunika ndoo kwa majani, akalowesha upande wa kanga yake mwenyewe akaifunika tena juu. Jua likahama, naye akahama nalo, anakinga ndoo kwa mgongo wake. Watu wakamwuliza, "Bado?" Akasema, "Bado, swala yake ni ndefu." Na mimi niko hapo, Skola, naota nakula wali sahani ya tatu.

Kilichoniamsha ni harufu. Kambamiti akianza kuharibika hakufichi, kwanza kichwa kinakuwa cheusi, kisha anakwambia mwenyewe. Nikafumbua macho, Bi Somoe amekaa kwenye mchanga, jasho linamtoka, ndoo kati ya miguu yake. Karani akawa ndiyo anashuka kwenye boti. Akainama, akanusa, akasema neno moja tu: "Hapana." Kichwa cheusi hakiendi Dar. Sheria ya tajiri, hata karani hana la kufanya.

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi, ningeyajibu, tungegombana, yangekwisha. Bi Somoe akasimama, akajikung'uta mchanga, akaniangalia usoni bila hasira yoyote, akaniuliza, "Babu, swala yako leo ilikuwa ndefu. Umeniombea na mimi?"

Lo! Skola. Nimepigwa na mama, nimepigwa na baba, nimepigwa na polisi siku ile ya gongo. Hakuna aliyewahi kunipiga namna ile.

Nikageuka, nikafungua stoo, nikaingia, nikafunga mlango kwa ndani. Ule ndio mlango pekee wenye komeo upande wetu huu. Nyumba nyingine zote ni makuti na pazia. Giza, baridi, pumba, harufu ya bahari iliyolala. Nikakaa juu ya sanduku, nikasema, sasa nitasali kweli. Huyu mama ameuliza, na apate jibu.

Nikaanza Baba Yetu. Nikafika katikati, nikapotea! Mzee mzima, mbatizwa tangu tumboni karibu, nimepotea katikati ya Baba Yetu kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nikarudi mwanzo, nikapotea palepale. Ndipo nilipogundua jambo. Maisha yangu yote sijawahi kusali peke yangu hata siku moja. Kanisani nilikuwa nafuata midomo ya watu. Nyumbani nilikuwa nafuata mdomo wako. Mke wangu alipofariki, wewe ndiye uliyeongoza rozari, mimi nilikuwa nakuja nyuma yako kama kiti cha nyuma cha baiskeli, naitikia. Kiti cha nyuma hakijui njia. Umeondoka wewe mbele, mimi nimelala chini na magurudumu yanazunguka hewani.

Basi nikanyamaza. Sikuwa na la kufanya. Na baadaye, sijui ni baridi, sijui ni aibu, mdomo ukafunguka wenyewe, maneno yakatoka ya kawaida tu, kama naongea na mzee Athumani. Nikasema, "Mungu, ni mimi Bonifasi. Nimemharibia mama wa watu kambamiti wake. Nimekusingizia na Wewe. Mguu unauma." Nikaona mguu haukuhusika, lakini ulikuwa umeshatoka. Nikaendelea. Nikamtaja yule mwali aliye ndani, anayengoja kanga. Nikamtaja mke wangu, jina lake lile la utani ambalo hata wewe hulijui. Kisha nikasema, "Na Valentini." Basi. Shemeji yangu amekufa miezi mingapi, na mimi sikuwa nimemlilia, nilikuwa nimetuma salamu za pole kama mtu wa ofisini. Nililia mle ndani mpaka koti likapata kazi ya kunifuta. Nikakaa kimya tena, na kimya kile, Skola, sijui nikueleze vipi. Hakikuwa kitupu. Kilikuwa kama unapokaa na mtu jikoni, kila mmoja anamenya vyake.

Nilipotoka, Bi Somoe alikuwa anawabandua kambamiti wake vichwa, awaanike wawe wa mchuzi wa kule kwake. Mzee Athumani anamsaidia. Nikawaambia kweli. Nikasema, "Sikuwa naswali. Nilikuwa nimelala. Na siku zile zote nyingine nilikuwa nimelala."

Mzee Athumani akaweka shoka chini. "Zote?"

"Zote."

"Hata ile siku niliyomfukuza jogoo wangu asikusumbue?"

"Hata hiyo."

Hapo ndipo Bi Somoe alipowaka! "Ebo! Kumbe nimekaa juani nasikiliza mkoromo! Nilisikia, nikasema pengine ndiyo Kilatini chao!" Akanirushia kichwa cha kambamiti kikanipata kwenye kifungo cha koti. Cha pili kikanipata sikioni. Nikasimama nikavipokea, nilivistahili. Matusi aliyonipa hayaandikiki, mengine ya Kindengereko, mzee Athumani alikataa kunitafsiria. Alipochoka akaketi, akacheka mpaka machozi, kisha akalia kidogo kweli, kwa ajili ya zile kanga. Nikavua koti nikampa. Akaliangalia, akasema, "Nimtoe mwanangu mwali na koti hili? Watu watasema nimemwoza kwa mzungu." Akanirudishia.

Jioni mzee Athumani akaja kukaa benchini. Nilidhani urafiki umekwisha. Akaniuliza, "Sasa mle ndani ulipojifungia, ulifanya nini?"

"Nilijaribu kusali nikashindwa. Nikaishia kuongea ovyo."

"Ukaongea nini?"

Nikamweleza, mpaka ule mguu.

Akafikiri. "Mbona hiyo ni dua, mzee Boni. Sisi tukimaliza swala, tunainua mikono tunaomba kila mtu yake, kwa lugha yake, hata ya mguu. Hiyo hufundishwi na mtu. Wewe ulidhani Mungu anangoja upange maneno?"

Nikamwambia ndivyo nilivyodhani, na kwamba alichelewa sana kunieleza. Akasema sikuuliza.

Tangu siku hiyo, asubuhi nikifungua kuangalia barafu, naingia, nafunga mlango, nakaa. Kwa muda mfupi, maana barafu nayo ina haki yake. Siku nyingine naongea, siku nyingine nanung'unika, siku nyingine nasema "Nipo" natoka. Baba Yetu nimeipata yote sasa, taratibu, kipande kwa kipande, na nimekuta kuna maneno mle nilikuwa nayapita mbio bila kuyaona. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Bado nawatukana mbu. Barafu bado inayeyuka na mguu bado unalia. Lakini naingia. Nimegundua kwamba nilikuwa nimemwachia Mungu wangu wewe umtunze, kama mtu anayeacha mbuzi wake kwa jirani halafu anajisifu ni mfugaji.

Na Bi Somoe? Bamvua lililofuata, maji makubwa yaliporudi, akaja tena na ndoo. Safari hii hakungoja mtu. Akalipiga benchi langu kwa kasia, paa! "Babu! Umelala au umeswali?"

"Nimelala, mwanangu."

"Afadhali. Fungua." Kambamiti wake wakaingia kwenye barafu wanarukaruka. Alipokuwa anaondoka akasema, bila kuniangalia, "Siku ukiingia mle ndani kweli, mtaje mwanangu. Anaitwa Mwajuma." Nikamwambia ameshatajwa, ila sikuwa najua jina. Sasa najua. Mwali alitoka mwezi huohuo, na kanga zake. Sikualikwa ndani, mambo yale ni ya wanawake, lakini nililetewa wali.

Sasa nirudi kwako. Sikuandiki nikufundishe. Wewe ulinifundisha ishara ya msalaba nami nikaikosea mkono. Nasema tu nilivyoona. Unasema ukifungua mdomo hakitoki kitu. Mimi nadhani maneno ya watu wote ndiyo yaliyokuishia, uliyotumia miaka yote kuwasalia wagonjwa wa kijiji kizima, na wafu wao, na sisi wavivu. Yamekwisha, kama unga unavyokwisha. Yako mwenyewe hujayagusa bado. Usiiondoe rozari msumarini kama mkono haujataka. Usiende jumuiya kumfurahisha katekista. Kama umemkasirikia Mungu kwa ajili ya Valentini, mwambie umekasirika. Unakumbuka mama alivyokuwa akimnunia baba? Wiki nzima hasemi naye. Lakini chakula kiko mezani, na kitanda ni kilekile. Hakuhama. Basi nuna, mdogo wangu, nuna sana, ila nunia humohumo ndani. Hicho ndicho kitu pekee ninachoogopa juu yako, usije ukahama.

Nisalimie binti yako mkubwa na mumewe yule anayeongea polepole. Nisalimie wajukuu wote, na mwambie yule wa mwisho kwamba babu yake amegusa kitu baridi kuliko maji ya mtungi, na si mwongo. Msalimie mjane wa kaka yetu mkubwa, na shangazi kama bado anasikia. Shemeji yangu Valentini utakapopita kaburini kwake usimwambie nimelia, atanicheka.

Sasa jambo la mwisho, na hili ni haki yangu. Siku ya komunyo yako ya kwanza mto wetu ulikuwa umejaa, na mama alikuwa amekushonea gauni jeupe. Ni mimi niliyekubeba mabegani, maji mpaka kidevuni, wewe umenishika masikio unapiga kelele, na halikuingia tone. Tulipofika ng'ambo ukasema, "Kaka, nitakulipa." Sikudai tangu siku hiyo, kwa sababu sikuwa na shida. Leo nina shida. Huku wanitajao mbele ya Mungu ni mimi mwenyewe na pengine mzee Athumani, naye hulikosea jina. Jioni ukiwa unafungia kuku, kabla hujageuka, nitaje mara moja. Si lazima upige magoti. Si lazima uongeze neno wala useme amina. Sema jina tu, kwa sauti, kisha ingia ndani ukale. Jina lenyewe, kama umelisahau, ni hili,

Bonifasi,
kaka yako.